Kambi ya Kwanza Haiwi Mbali

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: mtu akikwambia umepotea, na wewe unajua kabisa ulipo, hapo aliyepotea nani? Maana mimi wiki iliyopita nimetafutwa na ukoo mzima, simu zinalia huku na huku, mwanangu katoka kazini mbio, na mimi nimekaa zangu kwenye ngazi ya duka moja la simu na chaja, nimekunja miguu, natafuna karanga. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenikuta. Akasema, "Shikamoo bibi, kumbe uko hapa, wanakutafuta mji mzima." Nikamjibu, "Marahaba mjukuu wangu, mimi sijapotea, nimekuja kwangu." Akacheka, akaona akili imeruka. Lakini pale penye duka ndipo ilipokuwa tembe ya Bi Zuhura, ile nyumba ya udongo niliyofanyia kazi ujanani, na mlango wa chumba cha Mzee Maganga ulikuwa hapo hapo wanapopanga zile simu. Basi waliponirudisha wakakaa kikao sebuleni. Mimi niko chumbani nasikia kila kitu, maana yaliyozeeka ni magoti, masikio bado. Mmoja anasema nipelekwe Dar. Mwingine anasema awekwe msichana wa kuniangalia. Wa tatu anasema kufuli, getini pawekwe kufuli. Kesho yake kufuli likaja, jipya, linang'aa kama jino la dhahabu. Sikugomba. Nililitazama nikacheka peke yangu, kwa sababu mwaka mzima wa ujana wangu niliuishi ndani ya maneno hayo hayo, ila wakati ule miguu mizima ilikuwa yangu, na wa kutafutwa alikuwa mwingine.

Nilizaliwa wapi, nani kanizaa, hayo tuyaache, hayana utamu. Tuanzie nilipoingia kwa Bi Zuhura. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, kabla hatujasikia habari za uhuru, na mimi nilikuwa na umri wa kuolewa na sijaolewa. Shule niliijua mlango tu. Hapa Tabora treni ilikuwa ndiyo saa yetu, na mimi treni ikipiga honi basi mwiko unasimama kwenye uji, roho inatoka inakwenda Mwanza, inakwenda Kigoma, inakwenda mahali nisipopajua, mpaka Bi Zuhura aseme, "Kalunde, uji unaungua, na huko unakokwenda kwa mawazo pia watakutaka upike." Sikuweza kukaa. Nikikaa naona kigoda kinachoma. Nilikuwa nimefunga kanga zangu mbili kwenye kitambaa, nimezificha nyuma ya mtungi, kila siku nasema kesho, kesho napanda treni. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuangalia watu wasioweza kwenda popote. Lakini ngoja, hapo nimekosea. Nilidhani hawawezi kwenda popote.

Tembe yenyewe ilikuwa ndefu, paa bapa la udongo, kuta nene kiasi kwamba ukiegemea mchana wa jua unasikia ubaridi mgongoni. Zamani za misafara ilikuwa ghala la pembe za ndovu. Pembe zikaisha, reli ikaja, misafara ikafa, na Bi Zuhura, mjane, akabaki na ghala tupu lenye vyumba sita. Wengine wangepangisha wafanyakazi wa reli. Yeye akaweka wazee. Wengi wao walikuwa wapagazi wa zamani, au wajane wa wapagazi, watu waliotembea kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, mzigo begani, halafu wakazeeka na nyumbani kwao hakuna tena mtu anayewajua. Akiulizwa kwa nini, alisema, "Pembe zilizojenga ukuta huu nani alizibeba? Mimi?" Basi. Kila mzee alitoa alichoweza. Mmoja anasuka majamvi, mwingine anabangua karanga, mwingine ndugu zake wa Sikonge wanaleta asali kwenye kibuyu mara moja kwa mwaka na imekwisha hiyo. Asiye na kitu alikaa mlangoni kufukuza kuku, na hiyo nayo ilihesabika kazi. Kwa hayo alipata chumba chenye kitanda cha kamba, uji asubuhi, maji ya moto ya kuoga, ugali na mboga alasiri, na kupata mtu wa kugonga mlango wake kila kukicha. Hilo la mwisho ndilo walilolitaka kuliko ugali. Mzee mmoja kipofu aliniambia, "Njaa naijua, tumefahamiana. Ninachoogopa ni kufa Jumatatu wakanikuta Alhamisi."

Sasa namna ya kugonga. Hiyo hawakujifunza kwangu, mimi ndiye nilijifunza kwao. Napita barazani na chungu cha uji wa uwele, nagonga mlango kwa upawa, naita, "Mzigo upo?" Mzee akiwa mzima anajibu kutoka ndani, "Umepanda." Maana yake ameamka, mzigo uko begani, anasafiri. Akiwa hajisikii vizuri anajibu, "Umelala," na hapo mimi naweka chungu chini naingia. Kimya, namwita Bi Zuhura. Ndivyo walivyoitana alfajiri kwenye misafara, kabla ya kuondoka kambini, na ukiwasikia wakijibu mlango kwa mlango, zile sauti za mchanga, ungesema kweli wanaondoka sasa hivi. Nami kila asubuhi nikisikia "umepanda, umepanda," miguu yangu inawasha.

Aliyeanzisha habari hiyo alikuwa Mzee Maganga, chumba cha pili. Huyu alikuwa kirangozi, yaani yule anayetangulia mbele ya msafara, anayejua njia, anayesema hapa tunalala, hapa tunapita haraka. Mrefu, mkavu, bega la kulia lina sugu nene kama ngozi ya kiatu, maana sisi Wanyamwezi wanaume hubeba begani, kichwani ni mambo ya wanawake. Aliniita mke wangu, kama babu yeyote anavyomwita mjukuu. Nikipeleka uji anauliza, "Mke wangu, mbona leo umekuja mikono mitupu, mtoto yuko wapi?" Namwambia, "Nimemwacha kwa mume mwenye meno." Anacheka mpaka anakohoa. Chumba chake hakikuwa na kitu ila jamvi, sufuria, fimbo, na kifurushi kimefungwa kwa kamba za magome, kimesimama karibu na mlango. Nikimuuliza ndani mna nini, anasema, "Vitu vya njiani."

Chumba cha kwanza, ukuta mmoja naye, alikaa Bibi Mwanahawa. Mzaramo huyo, wa pwani kabisa, aliletwa huku na mume askari, mume akafa, yeye akabaki kama kikombe kilichosahaulika msibani. Na Wazaramo na sisi ni watani, utani uliotoka huko huko kwenye misafara. Basi pale palikuwa na vita asubuhi mpaka magharibi. Ukuta wa kati haukufika juu kabisa, palikuwa na uwazi wa kupitisha hewa, na hewa yenyewe ilikuwa matusi. "Mnyamwezi, umeamka au umenuka tu?" "Nyamaza, mla nazi, nimekubeba wewe na bibi yako mpaka Bagamoyo." "Ulinibeba kwa sababu kichwa chako hakina kazi nyingine." Mgeni angekimbilia mzee wa mtaa. Lakini Bibi Mwanahawa akipata tumbaku ya kunusa, nusu inapita juu ya ukuta. Na mzee akiletewa asali, sega la kwanza linapita juu ya ukuta, limefungwa kwa jani, na maneno, "Kula, labda ulimi utalainika."

Shida ilianza mvua zilipokatika. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani na upepo umegeuka, ndio wakati misafara ilikuwa inaondoka. Majani yamekauka, njia zimefunguka, maji ya kuvuka yamepungua. Mzee Maganga alianza kutembea uani. Anafika ukutani, anageuka. Anafika ukutani, anageuka. Na si yeye tu, nyumba nzima ilishikwa. Kipofu alihamisha kitanda chake mara tatu kwa siku moja. Mama mmoja alifagia uwanja mpaka tukaona mizizi. Mimi nimeingiza mkono nyuma ya mtungi, napapasa kile kifurushi changu cha kanga kama bado kipo. Hata Bi Zuhura alisema, "Mwaka huu nyumba ina siafu au nini?"

Mara ya kwanza mzee alikutwa stesheni, anang'ang'ania gunia la mtu, anataka kulipandisha begani. Wapagazi wa stesheni wakamrudisha kwa heshima, maana walimwona kama baba yao. Mara ya pili alifika mashambani karibu na Kipalapala, vijana wa seminari wakamkuta ameketi kwenye tuta la viazi anawaelekeza njia ya Ugogo. Wakamleta, wakampa na hindi la kuchoma. Bi Zuhura alipowashukuru wakaondoka, akamkalisha mzee barazani mbele yetu. Sura yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. Akasema, "Baba, nina vyumba sita na mikono miwili, na mikono ya Kalunde ambayo nusu iko kwenye treni. Hapa naweza kumlisha mtu, naweza kumwogesha. Kumchunga siwezi. Ukipotea mara ya tatu, nawaita watu wa kwenu wakuchukue." Mzee akashika magoti yake. Mimi nilijua kwa nini. Watu wa kwao walikuwa mtoto wa ndugu yake na familia yake, njia ya Sikonge, na kabla hajaja kwetu alikaa kwao. Walipokwenda kwenye mashamba ya tumbaku walikuwa wanamfungia kwenye kibanda cha kuhifadhia mahindi mpaka warudi. Hawakuwa wabaya, alisema mwenyewe, walimwogopea asipotee porini. Lakini alinionyesha vidole vyake, kucha mbili hazikuota tena sawasawa. "Nilikuwa natafuta njia kwenye fito," akasema.

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo moja: akitoka tena, kibandani. Kila mtu alilijua. Kuku walilijua.

Ikaja asubuhi yenyewe. Nimepika uji, nimeutia karanga za kutwanga, napita. Chumba cha kwanza: "Mzigo upo?" "Umepanda." Cha pili: "Mzigo upo?" "Umepanda." Nikaweka kata ya uji kizingitini pa mzee, nikaendelea mpaka kwa kipofu. Nikachota maji, nikafua, nikaenda kununua chumvi. Narudi jua limekwisha kuwa kali, naona kata iko pale pale, uji umefanya ngozi juu, na jogoo anaula kwa starehe. Nikasukuma mlango. Kitanda kitupu. Fimbo hakuna. Jamvi hakuna. Na kile kifurushi cha magome hakuna. Nikasimama nikasema, lakini si alijibu? Nani amejibu? Nikainua macho juu, kwenye ule uwazi wa ukuta, na nikasikia upande wa pili mtu anapiga chafya ya tumbaku, polepole, kama mtu asiyetaka kusikika.

Bi Zuhura alimtoa Bibi Mwanahawa barazani kama anavyotolewa shahidi. "Wewe ndiye umemjibia?" "Ndiyo." "Ukijua hayumo?" "Nikijua. Nilimsikia anafungua mlango alfajiri. Nikasema mzee kaenda kunyoosha mguu, atarudi uji haujapoa." "Kwa nini hukusema?" Bibi Mwanahawa akajitanda kanga yake vizuri. "Mimi mtani wake. Kumtukana ruhusa, kumchongea haramu. Kwetu mtani akianguka unamcheka, halafu unakaa mahali pake mpaka ainuke." Akatazama mlango wa chumba cha pili. "Lakini nimekaa mno," akasema. Kosa la namna hiyo, nakwambia, huwezi kulikuta mahali pengine, kosa la mtu aliyefuata mila yake barabara. Bi Zuhura hakumgombeza. Alituma mtu stesheni, akatuma mwingine Kitete aangalie kama kuna mzee kaletwa hospitali, akatuma wa tatu njia ya Sikonge. Kisha akaingia chumba cha pili, akatoka na sufuria ya mzee, akaiweka nje barazani. Sufuria tu, peke yake. Kwa Bi Zuhura sufuria ya mtu ikiwekwa nje, maana yake hana chumba tena.

Wote walikimbia mbali, ndivyo inavyokuwa, mtu akipotea watu wanakimbilia mbali. Na mimi nilitaka kukimbia, Mungu ananiona, nilikwisha kuchukua na kile kifurushi changu nyuma ya mtungi, sijui nilitaka kumtafuta yeye au kupanda treni, nilichanganyikiwa. Nimefika kona ya mwisho ya nyumba nikasimama. Nikakumbuka neno. Siku nyingi nyuma, namkata kucha, mzee alinihadithia, "Mke wangu, watu wasiojua safari wanadhani siku ya kwanza ndiyo ya kwenda mbali, nguvu bado mpya. Hapana. Siku ya kwanza tunakwenda kidogo tu, mwendo wa kuchemsha maharage, tunatua. Kambi ya kwanza haiwi mbali. Kwa nini? Kwa sababu siku ya kwanza ndipo mtu anakumbuka alichosahau. Mmoja kasahau kisu, mwingine kasahau kumuaga mama yake. Basi anarudi mbio, anachukua, anatukuta pale pale tunamngoja. Ukiweka kambi ya kwanza mbali, msafara mzima unakwenda na watu nusunusu."

Nikageuka upande wa mashariki, upande wa pwani. Nikapita mashamba ya mihogo, nikapita vichuguu, nikafika kwenye kisima cha zamani ambapo watoto walikatazwa kucheza. Palikuwa na mawe pale, matatu matatu, mafiga yaliyopangwa na watu waliokwisha kufa wote, meusi bado kwa moshi. Na Mzee Maganga ameketi juu ya jamvi lake lililokunjwa, fimbo katikati ya magoti, kifurushi kando. Ameokota vijiti, amevipanga kati ya mafiga, hana kiberiti. Alikuwa anatazama njia niliyotokea. Akasema bila mshangao wowote, "Umechelewa, mke wangu. Wengine wako wapi?"

Sasa hapa ndipo nimeona wanangu wote wanakosea, na watu wote. Nilitaka kumshika mkono nimvute. Nilitaka kumwambia babu, hakuna msafara, pembe zimekwisha, waliokuwa wenzako wako makaburini, na sufuria yako iko nje. Yote yalikuwa kweli. Lakini nilimwona alivyokaa, mgongo wima, mtu mwenye kazi yake. Nikachuchumaa karibu naye. Nikakaa kidogo, upepo unapita. Kisha nikasema, "Wanakuja, babu. Ila wewe umesahau kitu."

Akageuka haraka. "Nimesahau nini?"

"Uji."

Akafikiri. "Wa uwele?"

"Wa uwele. Umetiwa karanga."

Alitazama mashariki. Kisha akasema, sauti ya kirangozi hasa, kama anawaambia watu mia, "Aliyesahau arudi achukue." Akasimama. Akapandisha kifurushi begani, pale pale penye sugu, nami nikabeba jamvi kichwani, tukarudi. Njia nzima hakunishika mkono. Alitangulia.

Tulipofika barazani wazee wote walikuwa nje. Sufuria ya mzee iko pale. Na pembeni ya sufuria, Bibi Mwanahawa amekunja jamvi lake mwenyewe, amekaa juu yake, na birika lake mapajani. Bi Zuhura anamwambia, "Ingia ndani, mama, usinifanyie vituko." Naye anajibu, "Huyu ni mpagazi wangu. Nani atanibebea mizigo huko Sikonge? Akitoka natoka. Kibanda cha mahindi tutaenea wawili, mimi si mnene." Hata kipofu alicheka. Bi Zuhura hakucheka. Alimtazama mzee vumbi lake, akanitazama mimi, na macho yake yakashuka mpaka kwenye kile kifurushi cha kanga nilichosahau kukiacha, bado nimekibana kwapani. Alikijua ni cha nini. Akauliza, "Na kesho nani atamfuata? Na keshokutwa?" Nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Mimi. Nitapika uji mapema, akishakunywa nitakwenda naye mpaka kambi ya kwanza, na nitarudi naye. Kila siku." "Na treni?" akauliza. Nikatazama chini. Akakaa, akasugua goti lake, akasema, "Mpaka mvua. Tuone mpaka mvua." Akainua ile sufuria kwa mkono wake akairudisha ndani.

Basi kiangazi chote tulisafiri. Kila siku baada ya uji, mzee na kifurushi, mimi na jamvi, mwendo wa maharage, tunafika, tunakaa. Hatukukimbilia kitu. Alinionyesha alama za njia, mti gani ulikuwa na mzinga, wapi alianguka rafiki yake mwenye mzigo wa shanga akacheka badala ya kulia. Tukichoka namwambia kasahau kitu. Leo umesahau tumbaku, leo umesahau kofia, leo umesahau kumsalimia kipofu. Siku moja nikasema, "Babu, umemsahau Bibi Mwanahawa." Akasema, "Huyo nilimsahau makusudi." Lakini alisimama. Na siku nyingine, jua limekaa vizuri, akaniambia bila kunitazama, "Mke wangu, unadhani sijui?" "Hujui nini, babu?" "Kwamba hakuna anayekuja. Najua. Siku nyingine najua, siku nyingine sijui. Lakini mtu mzima haambiwi rudi. Rudi wanaambiwa mbuzi. Mtu mzima anaambiwa amesahau kitu, basi anarudi kwa miguu yake na heshima yake." Nililia pale, nikasingizia vumbi. Na kitu kimoja nakiri leo: kiangazi kile treni zilipiga honi kama kawaida, na mimi bado zilinivuta, zinanivuta mpaka leo, lakini nilikuwa nasafiri kila siku, kwa hiyo nilivumilia.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, paa la udongo likatoa ile harufu. Asubuhi napita na chungu. "Mzigo upo?" "Umepanda," Bibi Mwanahawa. "Mzigo upo?" Mzee Maganga akajibu, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, "Umelala." Hajawahi kusema neno hilo tangu nimjue. Niliweka chungu chini nikaingia. Alikuwa na homa ndogo, lakini akili timamu kabisa. Akaniomba nimfungulie kile kifurushi. Ndani mlikuwa na kisu, kamba, chumvi kwenye jani, na fundo la nguo ya mke wake wa kwanza. Vitu vya njiani, kama alivyosema. Akasema, "Hakuna nilichosahau." Alasiri akafa, Bi Zuhura ameshika kichwa, mimi nimeshika miguu. Ile miguu.

Msibani Bibi Mwanahawa alifanya kazi ya mtani. Alivaa kofia ya mzee, akabeba kifurushi begani, akatembea uwanjani, anafika ukutani anageuka, anapiga kelele, "Nifuateni, njia naijua, tumepotea kidogo tu!" Watu walilia kwa kucheka, ndivyo inavyotakiwa. Kesho yake asubuhi mimi kwa mazoea nikapita, nikagonga chumba cha pili kwa upawa, nikaita, "Mzigo upo?" Ndipo nikakumbuka. Nikasimama na upawa hewani. Na kutoka juu ya ukuta, sauti ya tumbaku ikanijibu polepole, "Umefika."

Nilikaa kwa Bi Zuhura mpaka nilipoolewa, na zile kanga nilizivaa siku hiyo. Lakini hayo ni mengine.

Sasa nirudi kwenye kufuli. Mjukuu wangu Tatu, binti wa mwanangu wa mwisho, ndiye anayeniandikia haya, nasema naye anaandika kwenye simu, na nilipofika pale kisimani aliacha kuandika. Akatazama dirishani, kule getini. Nikamwambia, "Andika, usitazame huko." Akasema, "Bibi, kwa nini siku ile ulikwenda kwenye lile duka?" Nikamwambia ukweli, sina cha kuficha: miguu inawasha, kiangazi kimeingia, na mimi sikutaka kwenda mbali, nilitaka kukaa pale nione kama kuna nilichosahau. Akaondoka. Nikasikia anagombana na baba yake uani, sauti chini, nusu saa nzima, nikasikia na jina la kufuli likitajwa. Akarudi, akaweka ufunguo mkononi mwangu, wa moto bado kwa mkono wa baba yake. Akakaa kitandani kwangu, akanikunja vidole juu ya ule ufunguo, akasema, "Bibi, nakuahidi. Wewe nenda. Ukichelewa sitampigia mtu simu, wala sitakutafuta mbali. Nitakuja pale dukani, nitakaa na wewe kwanza, halafu nitakwambia umesahau uji."